Kipimo cha PCR: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Bagamoyo

Maswali haya yameokotwa kwenye mabenchi ya kusubiria, kwenye mikutano ya vijiji Yombo, Zinga na Kiwangwa, na kwa ndugu wanaopiga simu usiku wakiwa na karatasi ya majibu mkononi. Tumeyaacha karibu kama yalivyoulizwa. Anayepaswa kukusomea majibu yako mwenyewe ni yule aliyekuandikia kipimo; sisi hapa tunaeleza kipimo kinavyofanya kazi.

## Mambo ya msingi

PCR ni nini, kwa maneno ya kawaida?

Ni njia ya kunakili kipande kidogo cha DNA ndani ya kichupa, tena na tena, mpaka kiwe kingi cha kutosha kuonekana. Kila kiumbe kinacholeta maradhi, kiwe kimelea cha malaria au bakteria wa TB, hubeba maandishi yake ya urithi, ambayo ndiyo DNA, na ndani ya maandishi hayo zimo sehemu ambazo kiumbe kingine hakina. PCR hutafuta sehemu hiyo. Ikiwemo kwenye sampuli yako, inanakiliwa. Isipokuwemo, hakuna cha kunakili.

Shika neno hilo, kunakili. Nusu ya utata wa majibu unaoelezwa huko chini unatokana na watu kudhani mashine inapima ugonjwa, ilhali inachofanya ni kunakili ilichokikuta.

Kumbe ndicho kile kipimo cha kujua baba wa mtoto?

Njia ni moja, swali ni jingine. Kipimo cha kumjua baba hunakili sehemu za DNA ya binadamu zinazotofautiana kati ya mtu na mtu, na kwa Tanzania shughuli hiyo iko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ukipimwa malaria kwa PCR kinachonakiliwa ni DNA ya kimelea, na karatasi ya majibu haiwezi kusema lolote kuhusu ukoo wako. Akina baba, rudini kliniki.

Kuna haja gani ya kunakili? Si mtazame tu kwa darubini?

Darubini ni nzuri, na kwa mgonjwa wa malaria anayetetemeka kwa homa inatosha kabisa. Shida huanza vimelea vinapokuwa vichache. Mtaalamu wa kituo cha kawaida huanza kuviona vikifika kama 50 hadi 100 katika mikrolita moja ya damu, na mikrolita ni tone dogo mno. PCR nzuri hukamata hata kimoja katika mikrolita hiyo, au chini yake.

Usidhani kimoja ni kidogo. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu, yaani mikrolita milioni 5. Kimelea kimoja kwa kila mikrolita maana yake ni vimelea milioni 5 vinavyozunguka mwilini, na darubini ikasema huna kitu.

Nani aliyeanzisha mambo haya?

Kary Mullis, mkemia wa Marekani, alipata wazo hilo mwaka 1983 akifanya kazi katika kampuni ya Cetus huko California. Mwaka 1993 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba matumizi ya kwanza yaliyochapishwa, mwaka 1985, yalihusu selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za Pwani zinaujua bila kusimuliwa.

## Ndani ya mashine

Mashine inafanya nini muda wote huo?

Inapasha na kupoza. Kwa macho ni sanduku tu lenye vishimo vya kuwekea vichupa, na wageni wa maabara huondoka wamevunjika moyo kwa kukosa cha kuona. Kazi yote iko kwenye joto.

Kwanza kichupa hupashwa hadi nyuzi 95 hivi. DNA ni nyuzi mbili zilizojisokota pamoja, na kwa joto hilo huachana. Kisha joto hushushwa hadi kati ya nyuzi 50 na 65, na vipande vifupi vya DNA tulivyoviweka sisi, ambavyo mafundi huviita praima, hujishika mahali panapofanana navyo. Mwisho joto hupanda hadi 72, na kimeng'enya kiitwacho polimerasi huanzia pale praima iliposhika na kujaza upande uliokosekana, herufi kwa herufi. Uzi mmoja umekuwa jozi. Huo ni mzunguko mmoja, halafu mashine inaanza tena.

Mtu wa steshenari hutoa kopi zote kutoka karatasi moja ya asili. Hapa kila kopi iliyotoka inageuka kuwa asili ya kutolea kopi nyingine, ndiyo maana hesabu inakimbia. Mzunguko wa 10 unakupa nakala 1,024 kwa kila kipande cha mwanzo. Wa 20 unavuka milioni. Wa 30 unavuka bilioni. Hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi. Kwenye kichupa cha kweli ufanisi hupungua kidogo kila hatua, na mwishoni malighafi huisha. Vipimo vingi huenda mizunguko 35 hadi 45.

Inajuaje kunakili kitu cha malaria na kuacha cha kwangu?

Kwa praima. DNA ya binadamu ina herufi kama bilioni 3, na damu yako imejaa hiyo. Praima ni mfululizo wa herufi 20 hivi, uliochaguliwa kwa makusudi ulingane na jeni ya kimelea na usilingane na ya mtu. Huwekwa mbili, moja kila upande wa kipande kinachotafutwa, na kinachoongezeka maradufu ni kile tu kilichobanwa katikati yao.

Ukibadilisha praima, kipimo nacho kimebadilika. Mashine ile ile inaweza asubuhi kutafuta malaria, jioni virusi vya mlango wa kizazi vinavyosababisha saratani. Na usitarajie majibu ya kitu ambacho praima zake hazikuwekwa: PCR ya malaria haitakuambia kama una homa ya matumbo, hata bakteria wake wawe wamejaa damuni.

Nyuzi 95 ni karibu na maji yanayochemka. Mbona kimeng'enya hakiivi?

Swali hili liliulizwa na mwanafunzi wa sekondari, na ndilo lililowasumbua waanzilishi wa PCR wenyewe mwanzoni. Kimeng'enya cha awali, kilichotoka kwa bakteria wa tumboni, kilikuwa kikiharibika kila joto lilipopanda, hivyo mtu alilazimika kufungua kichupa na kuongeza kingine kila mzunguko. Kazi ya kuchosha.

Nafuu ilitoka kwa bakteria aitwaye Thermus aquaticus, aliyepatikana kwenye chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, na wataalamu waliokuwa na Thomas Brock katika miaka ya 1960. Bakteria huyo anastawi kwenye maji ya nyuzi 70. Kimeng'enya chake, Taq, kinavumilia joto la PCR mzunguko baada ya mzunguko, na baada ya kuingizwa kazini mashine iliweza kuachwa ifanye kazi peke yake.

Nimesikia virusi vingine havina DNA. Vinanakiliwaje?

Kweli. VVU, dengi na korona vimebeba RNA, maandishi ya urithi ya aina nyingine, na Taq haiwezi kuanza na RNA. Kwa hiyo kunatangulia hatua moja: kimeng'enya kingine husoma RNA na kuandika DNA inayolingana nayo, halafu PCR inaendelea kama kawaida. Kimeng'enya hicho kiligunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwa njia yake.

RNA huoza haraka. Sampuli ya mtu anayeshukiwa dengi, kama wale wa mlipuko wa 2019 uliofika Dar es Salaam na Tanga, haifai kukaa juani kwenye boda boda. Tena kwa dengi PCR inafaa siku chache za mwanzo wa homa. Baadaye virusi hupungua damuni, na kipimo cha kingamwili, zile protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na maradhi, ndicho hufaa.

Mnaonaje kwamba nakala zimetoka?

Zamani, na hata leo kwenye utafiti, nakala zilipitishwa kwenye jeli kwa umeme zikaonekana kama mistari. Mashine za sasa hazingoji mwisho. Ndani ya kichupa kuna kemikali inayong'aa kadiri nakala zinavyoongezeka, na mashine hupima mng'ao huo kila mzunguko.

Mzunguko ambao mng'ao unavuka kiwango kilichowekwa huandikwa kama namba, na mafundi huiita Ct. Namba ndogo ina maana kulikuwa na vingi tangu mwanzo. Tofauti ya mizunguko 3.3 hivi ni sawa na tofauti ya mara kumi, kwa hiyo Ct 20 na Ct 30 hazikaribiani hata kidogo: ya kwanza ilianza na takriban mara elfu moja zaidi.

## Malaria na utafiti

Kipimo cha haraka kilisema sina malaria, PCR ikasema ninayo. Nani mwongo?

Hakuna. Kipimo cha haraka, kile cha kutoboa kidole na kusubiri mistari, hutafuta protini ya kimelea na huhitaji vimelea visivyo vichache sana. PCR huona chini ya hapo. Watu wazima walioishi na malaria miaka mingi huku Pwani mara nyingi wana vimelea vichache bila homa yoyote.

Kinyume chake pia hutokea: kipimo cha haraka kinasema ipo, PCR inasema haipo. Protini hiyo inaweza kubaki damuni wiki kadhaa baada ya dawa kuua vimelea. Na kuna vimelea vilivyopoteza kabisa jeni ya protini hiyo, vikawa havionekani kwa kipimo cha haraka hata vikiwa vingi. Vya namna hiyo hugunduliwa kwa PCR.

Kama ni nzuri hivyo, mbona zahanati yetu haina?

Kwa sababu mgonjwa wa zahanati anahitaji jibu ndani ya dakika 20, na PCR ya kawaida ya malaria huchukua saa kadhaa, kuanzia kusafisha DNA hadi kusoma majibu, pamoja na friza na fundi aliyefunzwa. Maoni yetu, na hatuyafichi: kwa mtoto mwenye homa leo, kipimo cha haraka na dawa mkononi vina thamani kuliko PCR ya kesho kutwa. PCR ya malaria ni ya kujibu maswali ya jamii nzima, na kwa mgonjwa mmoja haina haraka inayotakiwa.

Nilimaliza dawa ya mseto, wiki ya tatu malaria imerudi. Ni ile ile au mpya?

Kwa darubini huwezi kujua, maana vimelea vyote hufanana. PCR inaweza kusaidia. Kuna jeni za kimelea, kama msp1 na msp2, ambazo urefu wake hutofautiana kati ya ukoo mmoja wa vimelea na mwingine. Damu ya siku ya kwanza ikilinganishwa na ya siku malaria iliporudi, urefu ukilingana, huenda dawa haikuvimaliza. Ukitofautiana, umeumwa na mbu mwingine.

Hivi ndivyo dawa zinavyochunguzwa nchini, katika vituo kama Yombo hapa Bagamoyo na Mkuzi kule Muheza, ambako wagonjwa hufuatiliwa kwa siku 28 au zaidi. Bila hatua hii, kila aliyeumwa upya angehesabiwa kuwa dawa imemshinda, na dawa nzima ingetupwa bure. Wewe binafsi, hata hivyo, usisubiri ulinganisho huo: rudi kituoni utibiwe.

Kwa nini Bagamoyo? Mbona kila mwaka mnataka damu yetu?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na nyuma yake kuna mumiani. Wazee wa mwambao walisimulia habari za watu wanaochukua damu usiku, na gari la utafiti linaloingia kijijini alfajiri halisaidii kuondoa hofu hiyo. Tunalijibu waziwazi.

Taasisi ya Afya Ifakara ina tawi na maabara hapa Bagamoyo, na eneo hili pamoja na Korogwe yalikuwa miongoni mwa vituo 11 barani Afrika vilivyoshiriki jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S. Baadaye Bagamoyo ilishiriki pia jaribio la chanjo nyingine ya malaria, R21. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya kwanza Oktoba 2021, ya pili Oktoba 2023. Katika tafiti nyingine vijana wa kujitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi chini ya uangalizi, ili kuona kama chanjo inawakinga. Huko PCR huonyesha vimelea siku kadhaa kabla darubini haijaviona.

PCR yenyewe haihitaji damu nyingi. Matone machache ya kidole, yaliyokaushwa kwenye karatasi maalumu, mara nyingi yanatosha. Ukiombwa chupa nzima, una haki ya kuuliza iliyobaki ni ya kupima nini, itakaa wapi na kwa muda gani. Hayo lazima yawemo kwenye fomu ya ridhaa, na unaruhusiwa kujitoa bila kunyimwa matibabu.

## TB na VVU

GeneXpert, ile mashine ya kupima TB, nayo ni PCR?

Ndiyo, PCR nzima iliyofungiwa ndani ya katriji moja. Makohozi huchanganywa na dawa, humiminwa ndani, na mashine humaliza chini ya saa 2. Mbali na kumtafuta bakteria wa TB, inakagua jeni yake iitwayo rpoB kuona kama ana usugu kwa rifampicin, moja ya dawa kuu za TB. Kabla ya hapo kujua usugu kulihitaji kuotesha bakteria kwa wiki nyingi.

Kuna jambo moja ambalo haifai: kufuatilia kama unapona. Sababu iko kwenye swali la aliyepona, huko chini.

Mwanangu ana wiki sita. Mbona hamkumpima VVU kwa kipimo cha kawaida kama mimi?

Kipimo cha kawaida hutafuta kingamwili, na mtoto amezaliwa na kingamwili za mama yake, ambazo zinaweza kubaki hadi miezi 18. Kikisema chanya, hakijasema kama ni za kwake au za mama. PCR hutafuta virusi vyenyewe, ndiyo maana akina mama huitwa mtoto akiwa na wiki 4 hadi 6. Hutobolewa kisigino, matone hukaushwa kwenye karatasi na kusafirishwa bila barafu. Jibu hasi la wiki ya sita si la mwisho kama mtoto bado ananyonya, atapimwa tena.

Karatasi inasema virusi havikuonekana. Nimepona?

Hapana, ila ni habari njema sana. PCR ya wingi wa virusi huhesabu nakala katika mililita moja ya damu. Dawa zikifanya kazi, idadi hushuka chini ya uwezo wa mashine kuhesabu, na katika hali hiyo humwambukizi mwenzi wako kwa kujamiiana. Lakini VVU hujificha pia ndani ya DNA ya baadhi ya chembe za mwili, kimya, na ukiacha dawa huamka. Endelea na dawa.

## Majibu yanayotatanisha

Nimepona kabisa, mbona PCR bado ni chanya?

Mashine hunakili DNA ya bakteria aliyekufa kama ya aliye hai. Mgonjwa wa TB aliyetibiwa vizuri anaweza kutoa mabaki hayo kwa muda mrefu, ndiyo maana maendeleo yake hufuatiliwa kwa darubini au kwa kuotesha. Kwa korona ilikuwa hivyo hivyo: watu waliendelea kuwa chanya, mara nyingi kwa Ct kubwa, wiki kadhaa baada ya kuacha kuambukiza wengine.

Na lile papai?

Halikosekani kwenye mkutano wowote. Mei 2020 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba sampuli zikiwemo za papai na mbuzi, zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu, zilikutwa na korona. Tangu hapo kila PCR huulizwa kuhusu papai.

Tunachoweza kueleza ni njia ambazo sampuli isiyo na virusi inaweza kutoa jibu chanya. Kubwa ni uchafuzi: kipimo kinachozalisha nakala bilioni kinaweza kuharibiwa na tone lisiloonekana la nakala za jana. Kwa hiyo maabara hutenga chumba cha kuandalia na cha kunakilia, na fundi aliyetoka cha pili harudi cha kwanza na koti lile lile. Kila mzigo wa sampuli zinazopimwa pamoja huwekwa kichupa cha maji matupu. Kikitoa mng'ao, majibu yote ya mzigo huo hutupwa. Vipimo vingi pia hutafuta jeni ya binadamu sambamba na virusi, na papai halina jeni ya binadamu, kwa hiyo kipimo cha namna hiyo kina njia ya kushtuka.

Jibu langu limeandikwa "batili". Nina ugonjwa au sina?

Haijulikani, na usilihesabu kama hasi. Mara nyingi ni sampuli haikutosha au ina kitu kinachozuia polimerasi. Damu yenyewe ina kizuizi kama hicho, ndani ya wekundu wake. Heparini, dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye chupa za kifuniko cha kijani, nayo huzuia, ndiyo sababu damu ya PCR huwekwa kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau na si cha kijani. Utaombwa sampuli nyingine.

Na nikipata hasi, niwe na uhakika?

Uhakika unategemea sampuli. Mate badala ya makohozi, pamba iliyogusa mlango tu wa pua, damu iliyotolewa siku ya pili baada ya kuambukizwa: zote zinaweza kutoa hasi kwa mtu mwenye ugonjwa, kwa kuwa mashine hainakili isichopewa. Dalili zikiendelea, rudi.

Umeme ukikatika mashine ikiwa katikati, sampuli yangu imeharibika?

Kazi ya mashine ya wakati huo imeharibika, sampuli yako kwa kawaida haijaharibika. Maabara hutumia sehemu ndogo tu ya DNA iliyosafishwa, inayobaki huwekwa kwenye friza, na kazi hurudiwa umeme ukirudi. Nyingi zina betri za kuhimili dakika za mwanzo mpaka jenereta iwake. GeneXpert ni tofauti: katriji iliyokatiwa umeme haitumiki tena, na makohozi yako yakiwa yameisha, utapigiwa simu ulete mengine. Acha namba inayopatikana.